Kamba ya Bi Hata Hivyo

Marehemu alikataza jambo moja lisisemwe siku ya leo: kwamba alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na upendo mwingi na ulimi mkali, na wengi wanaomlilia hapa waliwahi kuonja vyote viwili asubuhi moja. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa tumbo moja, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni na kunyang'anywa shuka kila baridi ilipozidi, kwa hiyo hauna mambo ya kusikia kwa watu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa dobi wa hospitali na muuza viatu. Chumba chao kilitazamana na uwanja wa kuanikia mashuka ya wagonjwa, na kazi yake ya kwanza hapa duniani ilikuwa kumpokeza mama yake vibanio. "Bana vizuri, wewe," mama alikuwa akimwambia. "Upepo ukilichukua hili, utalifua mwenyewe." Alibana vizuri. Vidole vyake vilikuwa na nguvu mpaka uzeeni, na waliowahi kufinywa sikio naye ni mashahidi.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, ng'ambo ya barabara ya hospitali. Akiwa darasa la sita, mwalimu alimrudishia insha yenye maneno mekundu chini: "Mawazo mazuri, yametawanyika." Alifika nyumbani amenuna. Akachukua mkasi, akaikata insha yake sentensi kwa sentensi, akazianika kwenye kamba ya mama yake, halafu akaanza kutafuta neno la kukaa kati ya hii na hii. Wakati huo mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yanangoja kwenye beseni. Alichapwa. Hata hivyo, insha ya pili iliongoza darasa zima, na kuhusu mashuka hajaomba radhi hadi leo.

Alimaliza sekondari Novemba 1974, akaingia chuo cha ualimu, na tarehe 10 Januari 1977 akapokewa katika shule ile ya geti la buluu ambayo wengi mliopo mmepitia. Alifundisha Kiswahili, hasa uandishi wa insha. Siku ya kwanza alifunga kamba ya nguo kutoka nondo ya dirisha hadi kwenye msumari wa ramani. Baba yake alikuwa amempa maboksi ya viatu, naye akayakata vipande na kuandika kwa wino mzito: kwa hiyo, hata hivyo, aidha, vilevile, badala yake, hatimaye. Mwanafunzi alianika sentensi zake mbili, akachagua kipande cha kuweka katikati, kisha akasimama hapo hapo kulieleza darasa sababu. Aliyesema "nimeona limependeza" alirudishwa kukaa.

"Mvua ilinyesha sana. Mechi ilichezwa," alikuwa akisema. "Ukiweka 'kwa hiyo', basi hao wachezaji walikuwa bata." Darasa lilicheka, na hakuna aliyelikosea tena neno hilo. Wanafunzi wakampa jina la Bi Hata Hivyo. Walidhani halijui. Alilijua tangu wiki ya kwanza, akajifanya kiziwi kwa sababu lilimfurahisha.

Tarehe 6 Septemba 1986 aliolewa na fundi redio wa karibu na kituo cha mabasi. Posa yenyewe nusura iharibike. Shemeji alimsimamisha nje ya duka lake, jasho likimtoka, akasema, "Nakupenda. Hata hivyo, sina kazi ya uhakika."

Marehemu akamtazama. "Hapo umenifukuza. Geuza, uanze upya."

Shemeji akageuza. "Sina kazi ya uhakika. Hata hivyo, nakupenda."

"Sasa nimekusikia," akasema, akavuta kiti cha dukani na kukaa. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1989.

Mwaka 1993 shule ilipata mwalimu mkuu mpya. Aliagiza kila mwanafunzi akariri insha za mfano na kuziandika vilevile kwenye mtihani, kwani mtihani, alisema, hautaki mawazo ya mtoto. Marehemu aliendelea na kamba yake. Alikuwa akisema kwamba mtu akikupa mambo mawili, muulize yanahusianaje, na asipojua usimfuate. Hilo ndilo alilolifundisha miaka yote. Maneno yale ya maboksi yalikuwa njia tu ya kufika huko.

Mwezi Juni mwaka huo, mwalimu mkuu alitangaza mstarini kuwa shule inathamini kusoma, na kwamba maktaba inafungwa ili iwe ofisi yake. Kiranja wa maktaba akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Shule inathamini kusoma. Maktaba inafungwa. Katikati tuweke neno gani?"

Mstari mzima uliangua kicheko. Kabla ya mapumziko marehemu alikuwa ameshaitwa ofisini.

"Umewafundisha kunijibu," mwalimu mkuu alimwambia.

"Hapana, mkuu. Nimewafundisha kuuliza. Kujibu ni kazi yako."

Aliamriwa aombe radhi mbele ya walimu wote, la sivyo aondolewe darasani. Nyumbani kulikuwa na mtoto wa miaka minne, na redio za kutengeneza zilikuwa za msimu. Mdogo wake huyu anayesoma alikwenda kumsihi. "Dada, meza tu. Neno moja litakugharimu nini?" Akajibu, "Litanigharimu wale watoto. Nikiinama, wao watajua nilikuwa nawadanganya." Alilia alipokuwa akisema hivyo. Watu hawajui kwamba alikuwa akilia. Alilia, akafuta uso, na asubuhi hakuomba radhi.

Akapelekwa kusimamia stoo ya madawati mabovu. Akaifunga kamba humo, kutoka kitasa cha mlango hadi mguu wa dawati lililopinduliwa. Kila mapumziko wanafunzi walijibanza humo na sentensi zao, wakitoka na vumbi magotini. Alikaa stooni hadi mwalimu mkuu alipohamishwa, akarudi darasani Januari 1996, na maktaba ikafunguliwa mwaka huo huo. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakungoja.

Kamati ya mazishi iliomba, kwa nia njema, aya hizi zipunguzwe, kwa kuwa mwalimu mkuu huyo yupo nasi leo. Tunamkaribisha kwa moyo mweupe, na tunamshukuru kwa kuja. Aya hazikupunguzwa.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017. Binti yake, ambaye naye ni mwalimu wa Kiswahili, alipangiwa chumba kile kile na akairithi kamba. Tarehe 2 Februari 2023 marehemu alipata kiharusi, kikachukua mkono wa kulia na sauti. Sauti ile! Inauma mpaka leo kuandika hivyo. Binti alimletea vile vipande vya maboksi wodini, akavibana kwenye kamba nyingine aliyoifunga juu ya kitanda, na muuguzi alipolalamika kuwa hapo si pa kuanikia, akatazamwa na mgonjwa mpaka akaenda zake.

Daktari alikuja akazungumza na familia kana kwamba mwenyewe hayupo. Alisema umri umekwenda na upande mmoja umelala. Marehemu akainua mkono wa kushoto, akachomoa kipande kimoja, akambana nacho daktari kwenye koti: HATA HIVYO. Mwezi Agosti alitembea kwa mkongojo hadi kwenye kliniki ya daktari huyo, kumdai kipande chake.

Kiharusi cha pili kilimpata Aprili mwaka huu, akarudishwa wodini, na kamba ikafungwa tena juu ya kitanda. Siku ya Jumanne iliyopita binti alimwendea na habari kwamba uongozi wa sasa umeagiza kamba ishushwe darasani ifikapo Jumatatu, na insha za kukariri zirudi. "Mama, nifanye nini?" aliuliza. Wote walidhani atachagua kipande. Hakuchagua. Alivichomoa vibanio kimoja kimoja kwa ule mkono mmoja, akavijaza kwenye kiganja cha binti yake, akamfumba vidole na kuvikaza kwa nguvu zote zilizobaki. Alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 15 Mei 2024, binti na mume wakiwa kando yake.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja asiyejua sasa atagombania shuka na nani, na wanafunzi waliotapakaa katika kila kazi, akiwemo yule kiranja wa maktaba, aliyesimama pale nyuma.

Mwalimu wetu amechoka kweli, na tunamwombea mapumziko mema. Hata hivyo, Jumatatu saa mbili asubuhi kuna kipindi, na kamba itakuwa juu.