Miaka Ishirini na Minne ya Mwalimu Adelgunda na Vijana wa Umoja Kaisho

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mwalimu Adelgunda Kyarisiima atakuwa ametimiza miaka ishirini na minne ya kuwalea wachezaji chipukizi wa klabu yetu ya Umoja Kaisho, na siku hiyo hiyo atastaafu. Ndiye aliyeianzisha Akademi, na hadi leo haijapata kocha mkuu mwingine. Mimi nimekuwa msaidizi wake tangu mwaka 2010. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona, na yale ambayo sikuyaona nimeyapata kwa waliokuwepo, akiwemo yeye mwenyewe, ambaye amesoma wasifu huu na kufuta sehemu mbili alizoziona zimemsifu kupita kiasi.

Alizaliwa Kanoni, wilayani Karagwe, katika familia ya Kilutheri iliyoishi kwa kahawa na ndizi za kibanja kilichozunguka nyumba. Alicheza netiboli tangu shuleni hadi chuo cha ualimu, akaolewa Kaisho, akaajiriwa kufundisha shule ya msingi. Mpira wa miguu ulimpata kwa bahati. Mwaka 2001 mwalimu wa michezo alihamishwa katikati ya mashindano, na timu ya shule ikabaki bila mtu wa kuisimamia. Mwalimu Adelgunda akaichukua kwa wiki mbili. Wiki hizo hazijaisha. Klabu yetu iliposikia kuna mwanamke anayewafundisha watoto kupiga pasi za chini kwa chini badala ya kubutua, ilimwomba aanzishe timu ya vijana. Alifanya kazi zote mbili hadi mwaka 2008, alipoacha ubao na kuwa mwajiriwa kamili wa klabu.

Sheria yake ya kwanza haikuhusu mpira. Alisema hakuna kijana atakayekimbia na tumbo tupu. Wazazi wakulima walileta ndizi na maharage, wazazi wafugaji wakaleta maziwa, na watoto wakala pamoja kabla ya mazoezi. Wanaotoka huku wanajua kwamba jambo hilo halikuwa dogo. Ng'ombe wakiingia shambani, majirani hununiana msimu mzima. Watoto wa pande zote mbili walikutana kwenye sufuria moja, na ugomvi wa baba zao ukabaki nyumbani.

Hatumsifu kana kwamba hana kasoro. Mwalimu ana hasira za karibu. Wachezaji wetu wamekatazwa kabisa kumjibu mwamuzi, lakini mwaka 2012, tulipocheza ugenini Kibingo, yeye mwenyewe alitolewa kwenye benchi kwa kumshauri mwamuzi, kwa sauti iliyofika pande zote za uwanja, akapimwe macho. Jumatatu yake alifika mazoezini amevaa raba, akawaambia vijana waketi, kisha akauzunguka uwanja mbio, adhabu ile ile ambayo angempa mchezaji. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi alipomaliza na kucheka mwenyewe.

Lakini ukimuuliza mtu wa Kaisho kuhusu Mwalimu Adelgunda, atakusimulia habari ya ng'ombe. Nami siwezi kuiacha.

Ilikuwa mwaka 2014. Vijana wetu walikuwa wamefika fainali ya wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, itakayochezwa Kayanga. Wakati huo klabu ilikuwa na mgawanyiko. Mwenyekiti wetu, Mzee Gaudiosus Mujuni, aliona Akademi inainyonya timu ya wakubwa, na alikuwa ametangaza kwamba baada ya fainali hiyo angewasilisha hoja ya kuifunga. Hakumung'unya maneno. Alisema klabu ni ya kushinda mechi, si ya kulea watoto wa watu.

Siku tatu kabla ya fainali, mlinda mlango wetu Atwine hakuja mazoezini. Kaka yake alikuwa amevunjika mguu, na ng'ombe wa nyumbani hawakuwa na mchungaji mwingine. Mwalimu alinichukua tukaenda kwa baba yao, Mzee Niyitegeka, tukamkuta amesimama kwenye lango la zizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Najua kilichokuleta. Mtoto namheshimu, na mpira wake nauheshimu. Lakini ng'ombe hawajui fainali."

"Ni kweli. Wanahitaji mtu."

"Na mtu sina."

"Nitawachunga mimi."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi kama anayetaka kujua iwapo ni mzaha.

"Mwalimu, ng'ombe hawa hawajawahi kuchungwa na mwanamke."

"Hata hiyo timu haikuwahi kufundishwa na mwanamke, Mzee. Nipe njia za malisho na mahali pa kunyweshea, na unionyeshe ni yupi msumbufu."

Alimwonyesha mtamba mmoja mwekundu. Njiani tukirudi nilimwambia Mwalimu kwamba golikipa wa akiba tunaye, na kwamba kocha mkuu hawezi kukosa fainali ambayo hatima ya Akademi inaitegemea. Alinijibu bila kupunguza mwendo: "Yustus, timu unaiweza. Atwine amefanya kazi mwaka mzima. Nikimwacha kwa sababu ya ng'ombe, kesho mzazi yupi wa wafugaji ataniletea mtoto?"

Basi Jumamosi hiyo mimi niliondoka na vijana kwenda Kayanga, naye akaondoka na ng'ombe kwenda kwenye nyasi. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana, wakati wa kurudi kutoka majini, mtamba mwekundu alikata kona, akaruka mtaro na kuingia kwenye kibanja cha watu, na wenzake wawili wakamfuata. Mwalimu alipowafikia walikuwa tayari wameangusha migomba na wanatafuna majani. Mwenye shamba akatokea na fimbo mkononi, akifoka tangu mbali. Alikuwa Mzee Gaudiosus, mwenyekiti wetu, ambaye hakuona haja ya kwenda Kayanga.

Alishusha fimbo alipomtambua.

"Mwalimu? Leo si ndiyo fainali?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Saa hii wameshaingia uwanjani."

"Na wewe unafanya nini kwenye ndizi zangu?"

"Namchungia golikipa. Samahani kwa migomba. Nisaidie kumzungusha huyu mwekundu, mengine utaniambia baadaye."

Mzee Gaudiosus mwenyewe ndiye anayesimulia kilichofuata, na hukisimulia bila kujipamba. Anasema alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, lakini akamwona mwanamke yule amelowa tope hadi magotini, mikwaruzo mikononi, na hana hata wazo la kujitetea. Akamzungusha mtamba. Kisha akaendelea kuswaga pamoja naye, kwa sababu, anavyosema, hakujua angemwachaje. Walipanda hadi kilimani, mahali pekee ambapo simu hushika, na Mwalimu akanipigia.

Nilipokea nikiwa kando ya uwanja. Tulikuwa tumetoka sare ya bao moja na mikwaju ya penalti ilikuwa inaanza. Nilimtangazia mkwaju mmoja mmoja. Atwine alipangua mkwaju wao wa kwanza, akapangua na wa tatu. Upande wa pili wa simu nilisikia mwanamume akishangilia, nikadhani ni mpita njia. Lakini wapigaji wetu watatu walikosa, wa mwisho wao akapiga juu ya lango. Tulipoteza. Vijana walianguka kwenye nyasi wakilia.

Mwalimu akasema, "Wape chakula kwanza. Halafu mwambie Atwine ng'ombe wameshiba. Mengine tutazungumza kesho."

Jioni aliwafikisha zizini. Mzee Niyitegeka alipita katikati yao, akawashika matumbo na migongo. Alimaliza akasema, "Wamekula." Halafu akamletea maziwa kwa mikono miwili, na mkewe akaleta kiti.

Kikao cha klabu kilikuwa Jumapili baada ya ibada na misa. Tulikwenda kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu, maana kombe hatukuleta. Mzee Gaudiosus alisimama na kusema hoja yake ya kuifunga Akademi ameiondoa. Mjumbe mmoja akamwuliza kilichobadilika, ilhali timu imefungwa. Akajibu: "Jana nimeona kazi yenyewe. Nilikuwa nahesabu makombe, na kazi hii haiko kwenye makombe. Anayetaka kuifunga aje aniambie nani atamchungia mtoto wake." Kuhusu migomba yake, hajaigusia hadi leo, isipokuwa anapotaka kutuchekesha.

Yaliyofuata ni matunda ya siku ile. Msimu ulioanza baada ya hapo, wazazi wafugaji walituletea watoto wengi kuliko wakati wowote, na Mzee Niyitegeka alimleta mdogo wake Atwine akiwa amemshika mkono. Mwaka 2016 Mwalimu alianzisha timu ya wasichana, na safari hiyo hakuna aliyepinga kwa sauti. Wasichana hao wametwaa kombe la wilaya mara tatu. Vijana wetu kadhaa wamesajiliwa na timu za Bukoba na Mwanza, na mmoja anachezea ligi kuu. Mwalimu huwataja hao kwa furaha, lakini kwa furaha ile ile humtaja Atwine, ambaye hakusajiliwa popote. Leo ni mtaalamu wa mifugo hapa Kyerwa, na Jumapili hulinda lango la timu ya wahitimu wa Akademi kwa ukali usiofaa kwa mechi za kirafiki.

Nafasi ya kocha mkuu inachukuliwa na Ainebyona Stephania, nahodha wa kwanza wa wasichana wetu, aliyerudi mwaka juzi na cheti cha ukocha. Mwalimu amemkabidhi kila kitu kwa utaratibu, na tangu mwanzo wa mwezi huu amejizuia kabisa kutoa maelekezo mazoezini. Tunaoketi karibu naye tunajua gharama ya kimya hicho. Juzi, beki wetu alipochelewa kurudi, alivunja kalamu.

Mwalimu Adelgunda, kwa niaba ya wachezaji wa jana na wa leo, wazazi, benchi la ufundi na uongozi wa Umoja Kaisho, tunakushukuru. Ulituachia timu siku ambayo kocha yeyote angeing'ang'ania, na ndipo wengi wetu tulipojua maana ya kuaminiwa. Mimi nilikuwa wa kwanza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, kahawa inayochanua kwa wakati huko Kanoni, na miaka mingi ya kuifaidi pamoja na wajukuu.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai vijana wanacheza nyumbani. Umeomba mambo mawili: kiti cha kawaida katikati ya wazazi, na mtu yeyote asikuulize maoni yako kuhusu mchezo. Kiti kipo. Hilo la pili, Mwalimu, utuwie radhi.

Yustus Kato
Kocha Msaidizi, Akademi ya Umoja Kaisho