Msoma Mita na Darubini Yake

Waombolezaji wenzangu, mimi ni mdogo wake marehemu, karani mstaafu, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome bila kuongeza neno, jambo ambalo wanaonifahamu wanajua haliwezekani.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili nikiwa mimi, akaanza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1975, akiwa wa tatu darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, ripoti tunazo.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miguu miaka thelathini na sita, nyumba hadi nyumba, na tochi na daftari, wenzake wakimwita Mama Mita, na baadhi yao walikuwa wakikaa kivulini na kukisia namba, mko hapa na mnajijua, lakini yeye hakuandika hata siku moja namba ambayo jicho lake halikuiona, hata mita iwe chini ya tope na mbwa amelala juu yake.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi bomba wa idara hiyohiyo, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, mtu wa maneno machache na subira nyingi, wakajaliwa binti mwaka 1982, ambaye ni muuguzi, na mwana mwaka 1985, dereva wa lori.

Alistaafu tarehe 9 Juni 2013, wanawe wakamnunulia darubini ndogo ya wanaoanza, na mwezi mzima hakuona kitu, maana alifanya kosa la kila mgeni la kuweka lenzi inayokuza zaidi, kumbe inayokuza zaidi huonyesha kipande kidogo zaidi cha anga, na kumtafuta mtu uwanjani kwa kuchungulia tundu la ufunguo ni kujitesa bure. Shemeji alishauri kwa upole irudishwe dukani, akajibiwa atangulie kurudishwa yeye kwao.

Basi akaanza upya kwa utaratibu wa kazini, mchana, akilipa jua kisogo, akaielekeza darubini kwenye mfuniko wa tangi kubwa la idara, akakaza skrubu za kile kidarubini cha kulengea kilichopachikwa ubavuni hadi vyote viwili vikatazama mfuniko uleule, giza lilipoingia akaweka lenzi dhaifu, akapima umbali kati ya nyota na nyota kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa, akaenda nyumba hadi nyumba, yaani uanze na nyota usiyoweza kuikosa, uende kwa jirani yake, kisha kwa jirani wa jirani, na ukipotea usibahatishe, rudi ulikoanza. Kwa njia hiyo aliona miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, pete za sayari ya Zohali na vitu vingine thelathini na saba, vyote vikaandikwa daftarini kwa tarehe na saa.

Kisukari kiligunduliwa Agosti 2019, jicho la kushoto likazimika mwaka 2022 na la kulia likaanza kufifia, ndipo akaniomba mimi mwenye macho mazima nijifunze njia zake, ili alivyoviona vipate shahidi wa pili, na alichokitaka kuliko vyote ni kiwingu kimoja, ambacho ni galaksi jirani na hii yetu.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa mbili kasoro robo usiku, juu ya paa la nyumba yao, alinielekeza kwa kumbukumbu tu, anza na nyota nne zilizokaa kama pembe za meza, shika ya pembeni, hesabu nyumba mbili mbele, kata kona, nyumba mbili ndogo, simama. Mgongo uliniuma, mbu walinila, mpira ulikuwa unaanza saa mbili, nikasema nimeiona galaksi yake. Akauliza ikoje, nikasema inang'aa kama taa ya barabarani. Akaniambia haya mdogo wangu, shuka ukatazame mpira wako, na timu yenyewe ilifungwa.

Figo zilishindwa, akalazwa tarehe 20 Februari 2024, akafariki Jumamosi tarehe 2 Machi, saa kumi na moja alfajiri, wodi ya wanawake, kitanda cha sita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, nami sikuwa nimemwambia ukweli.

Juzi, nikitafuta tarehe za kuandika hapa, nilifungua daftari lake, nikakuta amekieleza kiwingu kile kuwa hafifu, mfano wa pumzi kwenye kioo, na kwenye mstari wa Novemba 11, mahali pa shahidi, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri, ameandika maneno ambayo wasoma mita huandika wanapokosa wa kuwafungulia: Geti limefungwa, nitarudi. Niliona aibu, nikalia, shemeji akaja kuuliza kama nimemaliza kuandika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliozima taa zao za nje kila alipowaomba, na wafanyakazi wa idara ya maji, pamoja na wale wa kivulini.

Dada, sikuiona. Pumzika, na iwe kwa amani.