Dumu la Tano la Limbu Jilala

Shilingi laki moja na elfu ishirini anazodai Danford, mteja wa marehemu, tangu asubuhi, mpaka pembeni ya jeneza, hizi hapa mezani, kila mtu azione, na sasa anyamaze, familia isome wasifu.

Marehemu Limbu Jilala alizaliwa Ngulyati tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1970 hadi 1976, kisha akalima pamba kama baba yake mpaka 1994, bei ilipomchosha akapanda alizeti, watu wakamcheka kwamba mwanamume mzima analima maua. Yeye akawajibu kuwa ua hilo limetoka Amerika, likapita Urusi ambako walichagua mbegu zake hadi zikajaa mafuta, halikuja Bariadi kuchekwa. Na kweli hakutupa kitu, mafuta ya jikoni, mashudu ya ng'ombe, mabua ya kuni, maua ya nyuki wake, hata sabuni aliyopika mkewe, mayu, yaani mama, Ng'washi, aliyefunga naye ndoa kanisani tarehe 7 Septemba 1985, wakajaliwa watoto watano.

Mashine ya kukamua aliinunua 2009, na utaratibu wake mnaujua, mwenye mbegu anaondoka na mafuta, yeye anabaki na mashudu, lakini mafuta ya kwanza lazima akaangie mboga, ale yeye kabla ya mteja.

Tarehe 9 Juni 2025 Danford alileta mbegu za kupandia zilizombakia baada ya mvua kukatika, zile zinazopakwa dawa ya wadudu, akiwa ameziosha na kuzianika mpaka rangi ikatoka, akidhani na sumu imetoka. Hakumwambia mtu. Limbu akakamua, akala, akamkabidhi madumu matano. Alfajiri ng'ombe wawili waliokula mashudu walikutwa wamekufa, naye Limbu anatetemeka, mate yanamtoka, anasema tu, "Rudisheni mafuta." Alifariki hospitalini tarehe 11 Juni.

Madumu manne tumeyapata kwa walioyanunua, Mwamapalala na Lagangabilili. La tano Danford anajua alimuuzia nani, ila anasema biashara ni biashara, hataji jina mpaka alipwe hiyo laki moja na elfu ishirini. Ndiyo maana sufuria za mboga za msiba hazijabandikwa, mmeshindia mihogo ya kuchemsha, maana mafuta yaliyochangwa hapa yametoka nyumba nyingi, na huenda ya dumu hilo yamo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wakamuaji wenzake waliozima mashine leo.

Limbu, zamu yako umeimaliza, lala.

Danford, hela umeiona. Dumu liko wapi?