Sahani ya Khadra

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Alhamisi iliyopita tulimzika Khadra Sahal, mpimaji wa maabara hapa Isiolo. Khadra Sahal, miaka arobaini na mmoja. Na mimi bado nina hasira.

Mnamkumbuka. Ndiye aliyekuja soko la mifugo na sahani zake za maabara, zimefungwa vizuri, akazipanga mbele ya wauza dawa za mbuzi, zile ambazo watu hujidunga wenyewe. Kwenye kila sahani alikuwa ameotesha vijidudu vya kidonda cha mtu, akaweka vipande vya karatasi vyenye dawa tofauti. Dawa ikifanya kazi, inaacha duara tupu. Ikishindwa, vijidudu vinaota mpaka kwenye karatasi. Wakamfukuza. Kesho yake akarudi.

Mzee Dullo wa Korbesa alikuwa na kidonda mguuni, amejidunga dawa ya mbuzi miezi miwili. Mguu unanuka, daktari ameshataja kuukata. Khadra akalinganisha dawa sita. Tano zilishindwa. Ya sita ikaacha duara.

"Aliniuliza, 'Mzee, unataka mguu ama unataka ubishi?'" anasema Dullo. "Mazishini nimekuja na huo mguu."

Sasa sikilizeni. Khadra mwenyewe alishikwa na homa baada ya upasuaji, hospitali ya mbali. Wakampa dawa, wakabadilisha, wakampa nyingine kali zaidi. Hawakupima. Dada yake Maryan alikuwa kando ya kitanda.

"Anatetemeka, lakini anawauliza tu, 'Mmeotesha? Mmelinganisha?' Wakamwambia mgonjwa atulie. Hakutulia."

Siku ya nne ndipo wakachukua damu. Siku ya sita akafariki. Majibu yalitoka baada ya mazishi: dawa zote mbili alizopewa zilishindwa. Ya tatu, ambayo hakupewa, iliacha duara pana. Ni dawa ya kawaida, na ilikuwa kwenye kabati la wodi hiyohiyo.

Kuna mtu aliniambia makaburini, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Hapana. Mti mmoja haukuteleza, na hakuna aliyeuangalia.

Maryan, mama, na ukoo wote, poleni sana. Mola amrehemu Khadra. Na wewe unayenisikiliza, mtu wako akilazwa, uliza alivyouliza yeye, hata wakikwambia utulie.

Jumatatu Maryan atakuwa soko la mifugo na picha ya sahani iliyooteshwa kutoka damu ya dada yake. Waje wamfukuze.