Mama Delphine Kalenga na Viatu vya Gloire

Ndugu, jamaa, majirani wa Mantapala, na ninyi muliofika kutoka Nchelenge na vumbi yote ile ya barabara: mukae. Wenye watoto wanaolia wawape kitu cha kutafuna. Tunasoma maisha ya mama yetu, na yeye hakupendaka mutu wa kusoma mbio sawa anakimbia mvua.

Mama Delphine Kalenga alizaliwa tarehe 3 Novemba 1966 huko Pweto, upande wa Congo, mutoto wa pili wa Baba Kalenga, fundi wa mitumbwi, na Mama Rosaria. Alisoma primeri kwa masista mpaka mwaka wa tano. Mwaka ule mwalimu alimupiga fimbo kwa kosa la jirani. Delphine akaikamata fimbo, akaivunja kwenye goti, akamurudishia mwalimu vipande vyote viwili kwa heshima. Masomo yakaishia pale.

Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa kanisani na Gustave, muvuvi, mutu mupole. Maneno ya nyumba Gustave alimuachia muke wake, na muke akayatumia yote. Mungu aliwapa watoto wanne, akachukua mumoja akiwa mudogo. Gustave alifariki mwaka 2011. Mama akaendelea kukausha samaki kwa moshi na kuuza sokoni Pweto, mpaka vita ikamufukuza. Mwaka 2017 alivuka ziwa Mweru kwa bwato mpaka huku Zambia pamoja na Claire, kitinda mimba wake. Walipokelewa Kenani, kambi ya wakimbizi, na mwaka uliofuata wakapewa shamba hapa Mantapala. Maharagi yake mumeyakula wengi, na wengine hawakulipa. Leo tumesamehe.

Tarehe 9 Machi 2022 Claire alizaa Gloire. Mutoto alikuwa muzima, lakini miguu yake miwili ilipinda ndani, nyayo zikitazamana. Mama mumoja jirani akauliza Claire aliruka nini njiani wakati wa mimba. Mama Delphine akamujibu: "Hakuruka kitu. Ni weye unatuziba njia. Pisha, tunaenda lopitali."

Kila wiki walienda Nchelenge. Manesi walinyoosha miguu polepole kwa mikono, wakaifunga plasta ngumu, wiki ingine wakaitoa, wakanyoosha tena. Mwisho mutoto akapewa viatu viwili vilivyoshikwa na fimbo ya chuma katikati. Kwanza alivivaa muchana na usiku. Baadaye ikawa wakati wa kulala tu, lakini mpaka afike miaka mine ao tano.

Roger, ndugu mudogo wa mama, muuza chisense, samaki wadogo wa ziwa, pale Nchelenge, alikuja kusalimia, akategemeza kinga, baiskeli yake, gidoni ya usukani kwenye ukuta, akaangalia mutoto akapasuka kucheka.

"Yaya, dada yangu! Mumefunga mutoto gidoni ya kinga! Na breki iko wapi?"

"Breki iko mu kinywa yako. Ikanyage."

Lakini Gloire alipopita mwaka mumoja na miezi miwili, wenzake wa rika lake wakikimbia, yeye bado anatambaa. Watu wakanongona kwamba plasta imeua miguu. Hapo mama yetu aliogopa. Hakusema kwa mutu, lakini chakula kilimushinda.

Kwetu, mutoto anayechelewa kusimama anachimbiwa shimo kwenye muchanga wa ziwa, anasimamishwa ndani mpaka kiunoni, ili miguu ishike nguvu. Mama Delphine mwenyewe alisimamishwa vile, na watoto wake wote. Basi siku ya soko akamupeleka Gloire Nchelenge, akachimba. Na kwa kuwa hakutaka kuvunja neno la lopitali, akamuvalisha kwanza viatu, chuma na yote. Dawa mbili, mutoto mumoja. Gloire alifurahi sana, akala muchanga. Viatu vikanywa maji, mikanda ikawa migumu sawa samaki ya kukauka.

Kesho yake kule lopitali Sista Suwilanji, nesi wa miguu, alivikunguta juu ya meza.

"Mama, umetuletea ziwa muzima?"

"Niliogopa, Sista. Niambie kweli. Huyu atatembea?"

Sista akaacha kucheka. Akamuambia watoto waliotibiwa vile wanachelewa kidogo, mara nyingi miezi miwili hivi, na Gloire atatembea. "Mimi siogopi leo, mama. Naogopa siku atatembea. Siku ile watu wote watakuambia utupe viatu, utawasikia, na miguu itarudi ndani."

Alitembea mwezi wa saba, 2023. Mama alikuwa amenyoosha mikono miwili, anamuita, "Kuja kwa Kambo, kwa bibi yako!" Gloire akamupita, akafuata bata ya jirani. Mama alikaa chini kwenye vumbi, akalia na kucheka pamoja.

Kabla ya jua kuzama Roger alikuwa amefika. "Yaya, sasa anatembea! Toa ile chuma, unatesa mutoto."

"Muchana miguu inasikia kichwa," mama akajibu. "Usiku inakumbuka kule ilitokaka. Nipe viatu."

Akavifunga siku ile, na kila siku iliyofuata.

Mwezi wa pili mwaka huu, 2025, tansio, ugonjwa wa damu kupanda, ilimuangusha, mukono wa kuume ukakufa. Claire akashika kazi ya viatu. Kila magaribi ilikuwa ugomvi:

"Mama, kunywa dawa."

"Viatu kwanza."

Siku ya Jumatatu tarehe 11 Agosti alizidiwa. Claire alimuleta Gloire karibu, amekwisha kuvaa. Mama akapapasa mikanda kwa mukono wa kushoto, akaona imelegea. "Kaza," akasema. Hakusema neno lingine. Alifariki Jumanne asubuhi.

Ameacha watoto watatu: Cadette, Chris na Claire, ndugu yake Roger, na wajukuu, kati yao Gloire, miaka mitatu na miezi mitano, ambaye asubuhi hii amekwisha kuwapita wengi wenu hapa mbio.

Siku hizi za kilio watoto watalala kwa majirani, vile desturi yetu iko. Mwenye kumupokea Gloire apokee na viatu vyake. Atakuambia amechoka, atalia, atakuita jina baya. Mufunge.

Mama Delphine, pumuzika sasa. Imebaki mwaka na kidogo, tutaimaliza sisi.