Tarehe Iliyo Mlangoni kwa Marehemu Kornelio Mwikwabe

Wazee wetu, shikamooni. Majirani wa Nyambureti, na ninyi wageni mliokanyaga matope kutoka Tarime na Mugumu, familia inawashukuru na kuwapa pole. Kabla ya maisha ya marehemu kusimuliwa, kuna jambo moja la kunyoosha. Wengi mlioingia nyumbani kwake tangu jana mmeona tarehe iliyochomwa kwa chuma cha moto juu ya mlango: 24.3.1959. Leo ndiyo tarehe hiyo, na leo ndiyo tunamzika. Watu wamenong'ona, na si vizuri mtu azikwe pamoja na manong'ono. Kornelio Mwikwabe hakuwa mganga wala mwaguzi, na hakutabiri kifo chake. Tarehe ile aliichoma mwaka 1941, na inahusu mwezi.

Marehemu alizaliwa hapa Nyambureti usiku wa Jumapili, tarehe 19 Februari 1905, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwikwabe na Mama Robi. Katika rika lake lote yeye peke yake ndiye aliyejua siku yake ya kuzaliwa. Mama yake alimwambia kwamba usiku ule mwezi ulipatwa, giza likaung'ata karibu nusu, na watu wote wa mji walikuwa nje wakiutazama. Aliyebaki ndani na mzazi ni mkunga tu, naye alinung'unika mpaka mtoto akatoka. Tarehe yenyewe ilikuja kupatikana baadaye sana, kwa hesabu, kama itakavyosimuliwa.

Alianza shule ya misheni mwaka 1920 akiwa tayari kijana wa kuchunga, akamaliza darasa la nne mwaka 1924. Alipenda hesabu kuliko chakula. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 3 Machi 1923, alikuwa zizini akikamua, akauona mwezi ukishuka kuzama magharibi huku umeng'atwa upande. Akasahau kibuyu mkononi, ndama akamaliza maziwa yote. Baba yake alimuuliza maziwa yako wapi, akajibu kwamba mwezi umepatwa. Mzee Mwikwabe akasema basi aunywe huo mwezi. Kornelio alishinda na njaa siku ile, lakini tarehe aliiandika nyuma ya daftari lake la hesabu.

Mwaka 1926 aliajiriwa katika shamba la kilimo la serikali pale Tarime. Kwanza alifyeka, kisha mwaka huo huo akakabidhiwa kipimo cha mvua, akakitunza kwa miaka ishirini na tisa. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina maji ya kile kipimo katika chupa yenye mistari, akasoma, akaandika. Tarehe 14 Juni 1930 alifunga ndoa na Agustina Gati. Siku hiyo bibi harusi alisimama mlangoni mwa kanisa na wazazi wake, bwana harusi hayupo. Alipotokea anakimbia, Agustina alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mwezi wa Juni hauna mvua, na kila mtu anajua. Naye akamjibu, "Hata kama hakuna, lazima iandikwe kwamba hakuna." Mama Agustina anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na mtu wa namna gani, na hakujuta.

Kazi ile ya saa tatu kamili ndiyo iliyompeleka kwa Mzee Maftah, fundi saa wa Nyamisangura, pale pale Tarime, ambaye yupo hapa leo. Maftah alikuwa na kitabu cha kalenda alichokinunua Mwanza, chenye hesabu za jua na mwezi. Humo walisoma kwamba mwezi unapopatwa, kupatwa kule kule hurudi baada ya miaka kumi na minane na siku kumi na moja hivi. Kornelio alitoa daftari lake la shule. Wakahesabu kurudi nyuma kutoka mwaka 1923, wakafika Februari 1905, na kitabu kikawaonyesha siku yenyewe ambayo mama yake aliisimulia. Wakahesabu kwenda mbele, wakapata tarehe 13 Machi 1941. Maftah anasema siku ile marehemu alicheka peke yake njia nzima mpaka kwake.

Basi ikatokea kwamba mwaka huo huo 1941 mdogo wake, Simoni, alikuwa anaoa. Ng'ombe wa mahari walipangiwa kwenda kwa Mzee Werema asubuhi ya tarehe 14 Machi, na kule mama mkwe alikuwa ameshapika pombe ya ulezi, mitungi imejaa. Kornelio akaomba ruhusa kazini, akaja nyumbani kuwaonya wazee. Aliwaambia usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi utapatwa. Wazee wa pande zote mbili wakatazamana. Nani atatoa ng'ombe wa ndoa zizini baada ya ishara kama ile? Safari ikaahirishwa.

Usiku ule ukoo mzima ulikesha nje. Mwezi ulitoka mzima, ukapanda mzima, ukazama mzima. Kulipopambazuka Mzee Werema alisimama, akakung'uta blanketi lake, akasema, "Kornelio, mwezi wako haujambo. Kilichopatwa ni pombe ya mke wangu." Pombe ilichacha, ikamwagwa. Simoni alioa mwezi wa Julai, baada ya mavuno, na marehemu akabaki na jina la Mwezi Mzima. Wapo hapa waliomfahamu kwa jina hilo tu.

Alirudi Tarime akaenda moja kwa moja kwa Maftah, akaweka daftari juu ya meza bila salamu. Maftah alisoma upya, polepole, akaona kosa. Walikuwa wamehesabu miaka na siku, wakaacha saa. Juu ya zile siku kumi na moja kuna saa kama nane za nyongeza. Ule wa mwaka 1905 ulikuwa yapata saa nne usiku. Ongeza saa nane, wa mwaka 1923 ukaja alfajiri. Ongeza nane nyingine, wa mwaka 1941 ukaangukia saa tisa alasiri, mwezi ukiwa upande wa pili wa dunia, chini ya miguu yetu. Ulipatwa kweli, ila hapa hakuna aliyeweza kuuona. Na saa nane mara tatu ni siku nzima, kwa hiyo safari inayofuata ungerudi usiku, juu ya Nyambureti: tarehe 24 Machi 1959.

Alipokuja likizo alimweleza mke wa Simoni, Bhoke, kwa kuwa ndiye aliyecheleweshewa ndoa na hata hivyo ndiye aliyemstahi kuliko wote. Bhoke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, hata mimi nina ng'ombe mia. Ila wako chini ya miguu yetu, huwezi kuwaona." Marehemu hakukasirika. Alicheka, akaweka chuma motoni, akachoma tarehe juu ya mlango, akamwambia, "Tutaulizana siku hiyo." Tangu hapo, kila mwezi ulipokuwa mpevu naye yuko nyumbani, Bhoke alimpigia kelele kutoka ua wake, "Shemeji, leo umebaki kiasi gani?" Naye kila mara alitoka nje, akautazama kwa makini kama mtu anayesoma chupa yake, akajibu, "Wote." Wamefanya hivyo miaka kumi na minane.

Alistaafu mwaka 1955, akarudi hapa Nyambureti kulima ulezi na mihogo. Hakuacha mvua. Alitengeneza kipimo chake mwenyewe kwa kopo la mafuta ya taa, na daftari lake limejaa kila asubuhi mpaka alipoanza kuugua.

Ugonjwa wa kifua ulimshika Oktoba mwaka jana. Alipelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani Februari, miguu imevimba na pumzi fupi. Tangu hapo binti yake Gati ndiye aliyepima mvua na kumsomea kitandani. Juzi, Jumapili ya Matawi, alimwita Bhoke akamwambia safari hii saa zimehesabiwa. Bhoke alimjibu kwamba wakifika Jumanne watautazama wote wawili. Marehemu akasema, "Mimi nitakuwa nimelala. Wewe ndiye ambaye pombe yenu ilimwagika, wewe ndiye utakayetazama." Marehemu alifariki jana, Jumatatu tarehe 23 Machi 1959, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne na mwezi mmoja.

Ameacha mjane, Mama Agustina; watoto watatu, Gati, Tomaso na Hezekia; wajukuu watano; mdogo wake Simoni, aliyeagizwa na marehemu ayaandike haya na kuyasoma mwenyewe; shemeji yake Bhoke; na rafiki yake Maftah.

Ndugu, hiyo ndiyo tarehe ya mlangoni. Kwa hesabu ya marehemu, leo saa nne usiku giza litaanza kuingia ukingo wa mwezi ulio upande wa kaskazini, upande wa Sirari. Saa tano litakuwa limechukua kama robo, na kabla ya saa sita mwezi utakuwa mzima tena. Aliwahi kusema kwamba kila unaporudi kipande kinachong'atwa ni kidogo zaidi, kwa hiyo msitarajie nusu ile aliyoiona mama yake. Asiwepo atakayeogopa, wala atakayesema ni yeye amefanya.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo mpaka jana asubuhi, na mawingu mnayaona. Lakini asubuhi ya leo, saa tatu, katikati ya kilio, Gati alikwenda kwenye kopo akalikuta kavu, akaandika kwamba hakuna. Bhoke ameshatoa kigoda chake nje. Tukiuona mwezi umepatwa, Gati ataandika kwamba tumeona. Wingu likiuficha, ataandika kwamba hatukuona. Daftari liko wazi, na ukurasa wa leo tumeubakizia nafasi.

Lala kwa amani, Mwezi Mzima. Zamu ya kutazama ni yetu.