Maisha ya Fundi Sikio na Ukweli Kuhusu Gia ya Pili

Ndugu, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyie wa zimamoto mliosimama kule nyuma kana kwamba viti vimekatazwa, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nina miaka sabini na tisa, nimesoma mpaka darasa la saba, na kabla hamjaanza kunong'onezana kwa nini historia hii haisomwi na mwanawe wa kwanza, ambaye ni mwalimu na ana sauti nzuri, niwajibu kwamba marehemu alinitaka mimi, akasema, "Mwalimu atapunguza makali, dada, wewe hujui kupunguza," kwa hiyo anayetaka kusikia sifa tupu akapunge upepo kidogo, atatukuta.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa pampu ya maji, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, na katika hao wanne wawili wa katikati walitangulia zamani, yeye ametangulia juzi, nimebaki mimi, na naona mnavyonitazama. Alizaliwa na masikio makubwa, hilo halikuwa siri, watoto wenzake walimwita Sikio na jina likamganda mpaka uzeeni, lakini masikio hayo hayakuwa ya bure, maana kabla hajajua hata kuhesabu hadi kumi alimwambia baba, "Pampu inaumwa," baba akamfukuza, kesho yake beringi ya pampu ikavunjika, na tangu siku hiyo baba hakuwa akikagua pampu bila kumchukua mtoto huyo mgongoni.

Alianza shule Januari 1958 katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na uwanja wa mbao, akamaliza Novemba 1964 akiwa wa thelathini na mbili kati ya wanafunzi thelathini na nne, na wale wawili wa chini yake walikuwa wamelazwa siku ya mtihani. Hakuwa mjinga, ila hakupenda kusoma kitu chochote kilichoandikwa, kiwe kitabu, kiwe barua, kiwe kibandiko cha chupa ya dawa, alikuwa akisema kitu cha kweli kina mlio na kina harufu, maandishi hayana, na tabia hiyo naomba muikumbuke kwa sababu nitairudia.

Tarehe 3 Februari 1965 aliingia gereji ya mzee mmoja aliyeitwa Nusu Inchi, akajifunza injini, akajifunza breki, lakini moyo wake ukaangukia kwenye giaboksi, akabaki huko maisha yake yote, na kufikia mwaka 1979 madereva wa lori walikuwa wakitoka mbali, wanapita mbele ya gereji mara moja tu bila kusimama, wakigeuza wanamkuta amesimama mlangoni anafuta mikono, anawaambia, "Gia ya nne, jino moja limepasuka, ingiza ndani." Ndoa yake ilifungwa tarehe 20 Septemba 1975, akamwoa wifi yangu fundi cherehani, mwanamke mpole kupita kiasi, nilimwonya kwamba anaolewa na mtu anayeongea na vyuma kuliko watu, akacheka, akasema, "Wifi, vyuma havijibu, nitapata nafasi ya kuongea mimi," na walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu aliyezaliwa 1976, wa pili binti aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1977, na wa mwisho anayetengeneza miwani, aliyezaliwa 1982.

Sasa nafika kwenye lile gari, na nyote mliolipita pale nje mkaligusagusa mnalijua. Mwaka 1985 daktari mmoja wa macho alihama, akamwachia gari la michezo lenye milango miwili na viti viwili, chini chini kama linatambaa, ila halikuja likiwa gari, lilikuja kwenye maboksi saba na debe moja la nati, na marehemu alilijenga kwa miaka tisa, chuma kwa chuma, wifi yangu akishona viti vyake kwa cherehani ileile ya sare za shule, na likamalizika Oktoba 1994, jekundu, giaboksi ina pete mpya za shaba, zile pete ambazo kazi yake, kwa tunaojua kupika tu, ni kulinganisha mwendo wa meno mawili kabla hayajashikana, ili gia iingie bila kulia.

Binti alikuwa ameingia gereji tangu mwaka 1993, akiwa na sikio la baba yake, nashukuru si ukubwa wake, na marehemu alimfundisha kupanga gia kwa njia ya kizamani, kama gari lisilo na pete kabisa. Nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama jioni nyingi uwanjani, kwa hiyo naweza kuwaambia ingawa sijawahi kuendesha hata baiskeli, unataka kutoka tatu kwenda mbili, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta injini ipande, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza mbili, na mkono hausukumi, unagusa tu kama unavyogusa paji la mtoto kujua kama ana homa. Alikuwa akimwambia, "Mama, gia hailazimishwi, ngoja ikuite," na binti alikuwa akingoja, na gari lile halikuwahi kulia mkononi mwake wala mkononi mwa baba yake.

Jumamosi tarehe 6 Julai 1996 marehemu na mafundi wenzake watano walifungua gereji mpya pale kwenye kona ya barabara kuu, watu walialikwa, viti vilipangwa, na marehemu akaamua binti ndiye alete gari, ashuke ule mteremko, akate kona, aingie uwanjani mbele ya wote. Asubuhi ile nilikuwepo nikiwawekea watu maji, nikamsikia kwa masikio yangu haya madogo akimwambia binti, "Leo usipige klachi mara mbili, watadhani gari ni bovu, pete ni mpya, kanyaga mara moja uingize," binti akauliza, "Una uhakika, baba?" akajibu, "Nimezifunga mimi." Binti akafanya alivyoambiwa, na pale kwenye kona, kutoka tatu kwenda mbili, gia ikalia mlio mrefu wa kusaga ambao hata viziwi waligeuka, gari likasimama katikati ya uwanja, na marehemu akafungua mlango mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Shuka. Miaka tisa nimelijenga, wewe umelisaga kwa kona moja. Mkono wako mzito, nenda kwa mama yako ukashone." Binti akasema, "Baba, nimefanya ulivyoniambia." Akamjibu, "Sikukuambia usage." Watu wakacheka, na wapo hapa leo waliocheka, mmoja amevaa koti la kijivu, wala usijifiche nyuma ya mkeo. Binti akaweka ufunguo juu ya boneti, akafuta mikono ingawa ilikuwa safi, akaondoka, na mimi niliyesikia yote asubuhi ile nilinyamaza, nikijiambia si ugomvi wangu, nalo nalisema hapa kwa sababu sikujiandikia ruhusa ya kujiruka.

Januari 1997 binti aliingia zimamoto katika mji wa jirani, mwaka 1999 akawa dereva, mwaka 2003 akahamishiwa kituo cha hapa, akakabidhiwa lile gari kubwa la zamani ambalo giaboksi yake haina pete hata moja, lisilokubali mtu asiyejua kupiga klachi mara mbili, na amelipitisha kwenye kona ya gereji ya baba yake kila lilipoitwa. Ikisikika kengele yake, marehemu alikuwa akisimamisha nyundo hewani, anasikiliza, tatu, mbili, limepita bila kukwaruza, anashusha nyundo, na siku moja fundi mwenzake alimwuliza, "Nani yule anaendesha vizuri hivyo?" akajibu, "Sijui," na alikuwa mwongo. Binti alikuja nyumbani sikukuu zote, akasema, "Shikamoo baba," akaambiwa, "Marahaba," na maongezi yao yaliishia hapo kwa miaka mingi, wifi yangu akajaribu kuwapatanisha mpaka pumzi yake ya mwisho tarehe 27 Mei 2011, siku ya kumzika wakasimama mmoja upande huu wa kaburi, mwingine upande ule.

Tarehe 11 Juni 2019, akiwa amestaafu, aliamua kufungua giaboksi ya lile gari ili, kwa maneno yake, arekebishe alichoharibu mtoto, akaniita nimshikie taa. Alitoa pete ya gia ya pili, imelika, nyeusi, akaniambia, "Ona alichonifanyia." Akatoa ya tatu, imelika vilevile, akatoa ya nne, akatoa na ya kwanza, zote zimelika sawasawa, na mdogo wangu akakaa chini, maana mkono wa mtu huharibu gia moja, kinacholika sawa kote hakikuguswa na mkono. Akanusa oili iliyobaki, akaniuliza kopo lile la rafu ya juu limeandikwa nini, nikavaa miwani nikamsomea, limeandikwa ni oili ya difu, ile ya ekseli ya nyuma, nzito, inayonuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, isitiwe kwenye giaboksi yenye shaba kwa kuwa inaila. Aliitia yeye, Oktoba 1994, kwa pua, bila kusoma, na miaka yote hiyo hakujua kwa sababu mazoea yake ni kupiga klachi mara mbili, na kwa mwendo huo hata gari lililokufa pete halilii, lingelia tu siku mtu atakapokanyaga mara moja, na aliyeambiwa akanyage mara moja ni mmoja.

Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Nenda kamwambie mtoto," akasema, "Kesho." Alifunga pete mpya, akaniita nimsomee kopo mara tatu kabla ya kutia oili, na tarehe 2 Oktoba 2019 akavaa shati lililopigwa pasi, akafunga pete iliyolika ndani ya kitambaa, akaenda mpaka geti la zimamoto, gari kubwa likatoka kwa kengele, binti akiwa usukani akamwinulia mkono baba yake, baba naye akainua wake, akageuka kurudi nyumbani, akaniambia, "Alikuwa kazini." Nikamwambia, "Wewe ni mwoga." Akasema, "Ndiyo, dada."

Tarehe 8 Aprili 2021 alipata kiharusi kilichochukua mguu wa kushoto, mguu wa klachi, na binti alikuja kila siku yake ya mapumziko, akamwogesha, akamnyoa, wakaongea habari za mvua. Nilipomkaripia alisema, "Nilimfokea mbele ya watu, siwezi kumwomba radhi jikoni kama mwizi, nataka watu walewale," na kwa mara ya kwanza nikaona ana akili, tukapanga waitwe Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, nikaandika alichotaka kusema endapo ulimi utamkwama, na Jumatano ya wiki hiyohiyo kiharusi cha pili kikachukua ulimi wenyewe.

Alifariki tarehe 2 Machi 2023, saa tatu asubuhi, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili atimize miaka sabini na tatu, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa binti, naye binti aliniambia kwenye korido, "Shangazi, alikuwa ananivutavuta mkono, anauvuta nyuma, anaupeleka kushoto, anauvuta tena nyuma, nilidhani anataka maji." Mafundi mliokaa hapa, naona mmeinamisha vichwa, mmeshaelewa hiyo ni kutoka gia ipi kwenda ipi, basi lieni baadaye, sijamaliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi mnene wa zamu ya asubuhi aliyemtania mpaka akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki, tunawashukuru majirani kwa viti na maji, mafundi wenzake kwa jeneza walilolipaka rangi wenyewe, na zimamoto kwa kumpa binti ruhusa bila maswali. Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, na mimi.

Na sasa maneno aliyoniandikisha, nayasoma yalivyo, mbele ya watu walewale: "Gia ya pili niliiharibu mimi. Mtoto alifanya nilivyomwambia. Mkono wake haujawahi kuwa mzito, na nilikuwa nikilijua hilo kila lilipopita gari la zimamoto. Naomba radhi."

Mwanangu, njoo mbele, pokea pete hii iliyolika na ufunguo huu, gari ni lako, ndilo litakalofuata jeneza na ni wewe utakayeliendesha, na pale kwenye kona ya makaburi kanyaga klachi mara moja au mara mbili, upendavyo, kopo nilisoma mimi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, nimesoma yote, sikupunguza.